Funza wa Kikapu cha Pili

Sentensi yenyewe niliisema jikoni kwa mama, nimekaa kwenye kigoda, tonge liko mkononi. Nilisema, "Mama, ukiona funza hawa, kula bila wasiwasi. Hawali uyoga mwingine." Kisha nikachovya tonge kwenye mchuzi nikaendelea kula. Hakuna aliyenilazimisha kusema. Hakuna hata aliyekuwa ameniuliza.

Naanza hapo makusudi. Watu wanaonihurumia hupenda kuanza na mvua, au na macho ya mama, au na ugeni wa jirani yetu, na vyote hivyo ni kweli. Lakini sentensi ilikuwa yangu.

Nafanya kazi Mbeya, katika ofisi inayotambua wadudu. Mkulima akiona kitu kinatafuna viazi vyake, huniletea ndani ya chupa ya soda, mara nyingi kimeshaoza, halafu husimama mlangoni akisubiri nimtajie jina na dawa kwa pumzi moja. Nina hasira za karibu, nakiri, na wengi nimewafokea kwa ajili ya hizo chupa. Ila kazi yenyewe naipenda, na kuliko wote nawapenda wadudu ambao hakuna mkulima aliyewahi kuniletea: visubi wa uyoga. Hawafiki urefu wa punje ya mchele, wana kibiongo, na miguu yao ni mirefu kupita mahitaji. Mayai wanataga kwenye uyoga, na funza wao hukulia humo ndani ya nyama yake, hadi siku ya kuota mabawa.

Kuwatambua kunataka roho ngumu. Majike wa spishi mbili wanaweza kufanana mpaka ukate tamaa. Kinachowatenganisha ni mkia wa dume. Unaukata kwa sindano chini ya hadubini, unauloweka kwenye dawa inayoyeyusha nyama mpaka kibaki kigamba kitupu, na hapo ndipo unaona vikoleo ambavyo dume hutumia kumshika jike. Kila spishi ina koleo lake. Kama huna dume, mtu mwaminifu hufunga mdomo. Hiyo ndiyo sheria ya kwanza niliyofundishwa, na hata leo nikiwa na vijana wa mafunzo ndiyo ya kwanza kuwafundisha.

Mama anaishi kijijini Iringa, ukipita Kalenga kidogo, na msitu wa miombo unaanzia nyuma ya shamba lake la mahindi. Mvua za Desemba zikishika, wanawake wa kwetu huingia msituni asubuhi na vikapu. Nilimfuata mama huko tangu sijaanza shule. Hakuwahi kukata uyoga kwa kisu. Aliuchimbua kwa vidole mpaka kwenye kitako, akafuta udongo, akatazama ukingo wa kofia kama una mistari, akanusa, halafu akainua kichwa kuangalia umeota chini ya mti gani. Kama mti sio wenyewe aliuacha hapo hapo, hata uwe umenona namna gani. Yote hayo aliyafanya kwa muda mfupi kuliko ninavyoyaeleza. Mwisho kabisa, nyumbani, alipasua shina, na akikuta funza alicheka, "Hawa nao wameonja," akawakung'uta, akatia chunguni.

Misimu miwili kabla ya msiba, nilimwomba mama funza wake. Nilisafiri nao hadi Mbeya ndani ya ndoo yenye mchanga, juu nimefunga kipande cha chandarua, na watu kwenye basi wakaniuliza kama nauza vifaranga. Baada ya majuma mawili na siku kadhaa walitoka visubi, majike na madume. Madume wote walikuwa na koleo la aina moja, spishi ambayo tayari ina jina na inajulikana. Mama alikuwa amenipa pia uyoga wa aina nyingine tano anazozichuma, na kutoka kwenye hizo hakutoka kisubi huyu hata mmoja. Nikaandika kwenye daftari kwamba chakula chake ni uyoga mweupe wa msituni, huo tu. Nilifurahi. Safari iliyofuata nilikwenda nyumbani nikakaa kwenye kigoda, nikafungua mdomo.

Mama alinitazama kama siku yalipotoka majibu yangu ya kwenda sekondari. Juma hilo hilo, kwenye jumuiya ya kanisa, aliwaambia wenzake kwamba mwanawe anayepima wadudu Mbeya amesema funza ndio dawa, ukiwaona kula. Mimi nilikuwepo. Niliinamisha kichwa kwa haya ya kusifiwa, na sikusahihisha kitu.

Kilichofuata kilikuwa cha polepole. Macho ya mama yalianza kuingia ukungu, na daktari akasema ni mtoto wa jicho, atapangiwa siku ya upasuaji. Mistari ya kwenye ukingo wa kofia hakuiona tena. Miti aliijua kwa magome, lakini magoti yalimkatalia kuingia msituni. Zamani angeacha uyoga, angekula mboga za maboga. Sasa alikuwa na sentensi ya mwanawe, na funza anayecheza unaweza kumhisi hata kwa ncha ya kidole.

Na alikuwa na jirani. Ng'ambo ya shamba lake ilihamia familia ya Kisukuma, wamepanda kutoka Usangu na ng'ombe wachache waliobaki, mume, mke na watoto watatu. Mke alikuwa mwanamke mrefu mwenye kucheka kwa sauti. Kila asubuhi alipita kwa mama, yeye anasema "Mwangaluka, mama," mama anajibu "Kamwene," wala hakuna aliyeiacha salamu ya lugha yake. Alimletea mama maziwa, akamchotea maji. Mama naye alitaka kumpa kitu, akaamua kumfundisha kuchuma uyoga. Yule jirani alikuwa anapenda uyoga kwa roho yote, ila alijua wa kwao kaskazini, unaoota kwenye vichuguu. Wa msitu wetu hakuujua. Kumfundisha mtu mzima miti yote ya miombo, huku wewe mwenyewe huoni, ni kazi ya miaka. Mama alimfundisha njia ya mkato, yaani mimi.

Siku yenyewe jirani alichuma peke yake, akaleta kikapu mpaka kibarazani kwa mama, akapasua shina la uyoga mweupe mbele yake. Mama akaingiza kidole. Akasema, "Wapo. Pika."

Alipika mchana, akala na maziwa. Mume alikuwa machungani na watoto shuleni, na uyoga mwingine aliuacha kikapuni uwe mboga ya jioni. Jioni hakuna aliyepika. Alikuwa anatapika na kuharisha mpaka akashindwa kusimama. Siku ya tatu asubuhi ndipo mama akanipigia simu, na sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa. "Jirani yangu tumbo lilimsumbua, lakini leo ameamka mzima. Yuko hapa anafua."

Nikauliza amekula nini.

"Uyoga. Ila ulikuwa na funza, mwanangu. Niliwashika mwenyewe."

Mimi si mtaalamu wa uyoga, lakini jambo moja nilikuwa nimelisoma: ugonjwa wa uyoga unaochelewa kuanza, halafu ukapumzika siku moja, ndio mbaya. Ukipumzika hivyo unakuwa umehamia kwenye ini. Nilimwambia mama kwamba jirani apelekwe hospitali muda huo huo, aache nguo majini. Nikamsikia mama akimwambia, na jirani akacheka kule nyuma, akasema amepona, amalize kuanika kwanza. Alipelekwa kesho yake macho yamekuwa ya njano. Siku mbili baadaye alifariki.

Nilifika kijijini wamekwisha kuzika. Nikakaa kwenye mkeka pamoja na wanawake, na mama akiwa pembeni yangu anakunja na kukunjua ncha ya khanga. Mume wa marehemu alikuja akachuchumaa mbele yetu. Nilitegemea anitukane, na nadhani ningeshukuru. Aliongea taratibu.

"Shikamoo mama. Dada, pole na safari. Wewe ndio mtaalamu wa hawa wadudu. Mimi nataka kuelewa tu. Funza walikuwepo, mama aliwashika. Sasa ilikuwaje?"

Nikamjibu, "Nitaangalia."

Hilo tu. Ningeweza kumwambia pale pale kwamba nilisema neno nisilolijua. Badala yake nilijificha nyuma ya kazi, na kazi ni mahali pazuri pa kujificha, kila mtu anakuheshimu ukiwa humo.

Mama alikuwa amekichukua na kukihifadhi kile kikapu cha jirani. Alikitoa stoo kimefunikwa kitambaa, uyoga umelainika na kunuka, funza bado wanatembea ndani. "Chukua," akaniambia. "Uwaulize wenyewe." Niliuhamishia kwenye ndoo yangu ile ile yenye mchanga. Nikarudi Mbeya nayo, na safari hii hakuna aliyeniuliza kuhusu vifaranga.

Sasa niseme wazi nilichokuwa nakitaka, maana ndicho kinachonisumbua mpaka leo. Kama visubi wa ndoo ile wangekuwa spishi ile ile ya kwanza, basi neno langu lilikuwa uongo mtupu: mdudu niliyemdhamini anakula na sumu pia. Lakini kama wangekuwa spishi nyingine, ningeweza kusema nilikuwa sahihi, kwamba mdudu wangu hakudanganya, kwamba yule mama aliona funza wengine. Niliomba wawe wengine. Nilikwenda kanisani kabisa, nikapiga magoti, nikamwomba Mungu spishi mpya.

Wa kwanza kutoka walikuwa majike. Doa la kwenye bawa lile lile, nywele za miguuni zile zile. Kwa siku tatu walitoka majike tu, na kila mmoja alifanana na wale wa daftari langu. Siku ya nne akatoka dume. Nilimkata mkia, nikauloweka, nikakaa kuusubiri, nikashindwa kunywa chai. Kisha nikauweka kwenye kioo na kuinama.

Koleo la spishi ya kwanza lina meno yaliyopangwa safu moja, madogo na sawasawa. Hili halikuwa na safu. Lilikuwa na meno mawili tu, makubwa, yamepishana. Nilitafuta dume wa pili na wa tatu, wote hivyo hivyo. Nilipekua maandiko yote niliyonayo na picha zote nilizoweza kutumiwa, na koleo hilo halikuwepo popote. Nilisimama nikapiga meza kwa kiganja. Nilikuwa na furaha, na sitaificha. Ilidumu kama muda wa kuchemsha yai.

Mkuu wangu wa kazi, mzee mpole anayekaribia kustaafu, alikuja kuangalia akanishika bega. "Hongera sana. Watu wanazeeka kwenye kazi hii bila kupata spishi yao." Alitaka tununue soda kwa ajili ya ofisi nzima. Nikamwambia nina maumivu ya kichwa.

Kwa sababu nilikuwa nimeshaanza kulinganisha funza. Nilikuwa nimehifadhi kwenye spiriti funza wa kikapu cha kwanza na funza wa kikapu cha pili, nikawaweka pamoja kwenye sahani moja ya kioo. Niliwatazama siku nzima. Kichwa cheusi na kichwa cheusi, pingili kwa pingili. Mimi mwenye hadubini sikuweza kuwatenganisha. Yule mama alikuwa na kisu cha jikoni.

Likaja na la pili, baya zaidi, na likanijia nikiwa naosha vyombo. Kwa nini visubi wangu wa mwanzo walitoka kwenye uyoga mzuri tu? Kwa sababu sikuwahi kupewa uyoga mbaya. Kila uyoga ulioingia kwenye ndoo yangu ulikuwa umeshapita kwenye vidole vya mama, pua yake na miti yake. Wa sumu ulibaki msituni, na funza wake wakabaki nao. Nilidhani nimechunguza wadudu, kumbe nilikuwa nimechunguza kikapu cha mama. Maarifa yote yalikuwa ya kwake. Mimi nikayachukua, nikayapa funza, kisha nikamrudishia mama funza na kumwambia yale mengine hayahitajiki.

Wazee wanasema majuto ni mjukuu. Wangu nilimbeba kwenye basi hadi Iringa.

Yule bwana nilimkuta anafunga zizi. Tulikaa kibarazani kwa mama, sisi watatu. Nilimweleza yote: kwamba wako wadudu wa aina mbili, wa kwanza kwenye uyoga mzuri, wa pili kwenye ule wenye sumu, na wa pili hajawahi kupewa jina duniani. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Sasa dada, mke wangu angewajuaje hawa wa pili?"

"Asingewajua. Hata mimi siwajui wakiwa funza."

"Ila ulisema ukiwaona unakula."

"Nilisema. Sikuwa najua, na nilisema. Kosa ni langu, si la mama."

Aligeukia ng'ombe wake. Hakusema amenisamehe, wala sikumwomba. Alisema, "Huko kwenye jumuiya yenu bado wanafundishana hivyo. Nimesikia juzi." Kisha akaamka akaenda kukamua.

Mama alisubiri mpaka amefika mbali. "Kwa hiyo yule wako wa kwanza hakudanganya."

"Hakudanganya, mama."

"Na mimi kidole changu hakikudanganya. Walikuwepo." Alikuwa analia bila sauti, macho yake yale yenye ukungu yanatazama mahali nisipokuwepo. "Mwanangu, mimi nilikuwa najua kuangalia mti. Nilikuwa najua. Kwa nini niliacha?"

Alijua jibu, na nilijua kwamba analijua. Nilimshika mkono.

Jumamosi alinipeleka jumuiya. Nilisimama mbele ya wanawake wale wale nikasema funza si dalili ya chochote, funza wanakula sumu na wasife, na kwamba usipoujua uyoga tangu utotoni uuache. Halafu mmoja akauliza, kwa adabu, kama ningeweza kuwaletea picha ya wale funza wazuri ili wawe wanalinganisha. Nilirudia yote tangu mwanzo. Naogopa ilibidi nirudie mara nyingi zaidi ya nilivyorudia. Neno la kwanza walilipokea kwa kicheko na halikunigharimu hata pumzi, na hili la pili nalivuta mpaka leo kila nikienda.

Spishi ilipofika wakati wa kuandikwa, mkuu wangu alinisaidia kujaza fomu. Katika kazi yetu mdudu mmoja huchaguliwa awe kielelezo cha wenzake wote, na lebo yake lazima iseme mahali alipopatikana, tarehe, chakula chake, na mkusanyaji. Kwenye mkusanyaji mzee alikuwa ameandika jina langu. Nikamwambia hapana, kanuni ni kwamba mkusanyaji ni aliyekiokota kitu porini, si aliyekifuga ofisini. Akakubali. Nikachukua lebo mpya, kile kikaratasi kidogo kama ukucha, na kalamu yenye ncha nyembamba kuliko zote. Nikaandika mahali. Nikaandika tarehe. Nikaandika uyoga. Kisha nikakwama.

Sikuwa najua jina lake. Muda wote huo tulimwita kwa jina la mtoto wake wa kwanza, mama fulani, kama ilivyo desturi, na hata kwenye msiba tulimlilia hivyo hivyo. Nimehesabu nywele za miguu ya kisubi na kuzipanga, na mwanamke aliyemchotea mama yangu maji sikuwahi kumuuliza anaitwa nani.

Nilimpigia mume wake. Nilimweleza ninachotaka.

"Utaandika na kwamba alikufa?"

"Lebo haina nafasi hiyo."

"Sawa. Andika jina."

Akalitaja, lake na la baba yake na la ukoo, taratibu, akarudia bila kuombwa. Lilikuwa refu. Sitaliandika hapa. Nililiandika lote kwenye lebo, herufi ndogo kadiri mkono ulivyoweza, likajaza mstari wake na kuingia kwenye pambizo.

Nilipoinua kichwa, mlangoni alikuwa amesimama mkulima na chupa yake ya soda, ana mdudu wa viazi, anasubiri jina. Niliipokea chupa, nikaigeuza kwenye mwanga. Nikamwambia sijui bado, na kwamba inaweza kuchukua muda.